Mkadam Mwashi na Samaki wa Jiwe Moja

Habari hii hutaiamini. Ujue mapema, usije ukafika katikati ukaanza kutikisa kichwa na kusema "huyu naye!" Mwashi wa Mji Mkongwe, mwenye viganja vigumu kama kwato, aliyezaliwa kisiwani na kuzungukwa na maji pande zote, alifika umri wa kuitwa babu bila kulowa kupita magoti. Kisha akaja samaki mwenye ukubwa wa ncha ya kidole, akamvuta mpaka kichwa kikaingia majini, na alipotoka huko kauli yake ilikuwa si ile aliyoingia nayo. Na kauli ya Mkadam, wanaomjua wanajua, ni kitu cha kutindua kwa tindo.

Yote yanayofuata ni kweli tupu. Hayakutiwa chumvi, ila pale chumvi ilipokuwamo tangu mwanzo, maana ni habari za baharini. Yanaandikwa Ng'ambo, kwenye baraza ya Mkadam mwenyewe, na shemeji yake Duni, msomi wa darasa la saba ambaye hilo la saba alilisikiliza kutoka dirishani. Kila ukurasa ukiisha husomwa kwa sauti, na mwenye habari yuko hapo mbele anakoroga chokaa, sikio moja liko huku. Unaona mwenyewe, nafasi ya kudanganya haipo.

Mkadam ni mtu wa nyumba za kale, zile zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Ukuta ukivimba tumbo, huitwa Mkadam. Ukitoa unga, huitwa Mkadam. Mtu akijifanya mjanja akapiga saruji juu ya ukuta wa chokaa, ukuta ukakosa pumzi, ukatoka jasho na kubanduka, huitwa Mkadam, naye huja akatukana kwanza, kazi baadaye. Ana nyundo yake ndogo ambayo mpini wake umeshika umbo la kiganja chake. Huligonga jiwe, akainamisha sikio. Jiwe zima hulia, jiwe bovu huguna.

"Mawe anayasikia," husema mkewe, Mwamvua, "mie ndiye hanisikii."

Wanaojifunza kazi kwake huambiwa jambo moja kabla hata ya kushika mwiko: chumba cha Mji Mkongwe hakipiti urefu wa boriti. Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake, haukui zaidi kwa sababu tajiri anataka ukumbi. Ndiyo maana vyumba vya watu wakubwa wa zamani vilikuwa virefu sana na vyembamba sana. "Nyumba haikujengwa na tajiri," huwaambia. "Imejengwa na boriti. Tajiri kaingia tu akakaa." La pili huwaambia wakishapanda jukwaani: usivute jiwe ukutani hujaangalia nani amelikalia.

Kuhusu matumbawe yenyewe alijiona amefika mwisho wa elimu. Watalii wakipita alikuwa akipangusa jiwe kwa kiganja na kuwaonyesha nyota ndogondogo zilizochorwa juu yake, na mashubaka yaliyochongwa kwa tumbawe laini. Akiulizwa ameyajuaje, hujibu, "Mie ndiye baba yao." Lakini tumbawe lililo hai, lililo kwao, hakuwahi kuliona hata moja. Bahari kwake ilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka juu ya jukwaa, na kulaumiwa kwa kuleta unyevu.

Binti yake Ulfat akatoka kinyume chake kabisa. Alijifunza kuogelea, akasoma mambo ya samaki chuoni, akaajiriwa na watu wanaochunguza miamba ya baharini mbele ya mji. Alipopewa kazi yake ya kwanza alirudi nyumbani anang'aa, akaieleza kwa baba yake. Alikuwa amepewa samaki mmoja: amtafute anakaa wapi na wapi hakai.

"Wa kula?" Mkadam aliuliza.

"Haliwi, baba. Ana utelezi mwilini, mchungu, wenziwe wenyewe wanamtema."

"Wa kuuza?"

"Hauzwi."

"Mkubwa?"

Ulfat akaonyesha ncha ya kidole. Mkadam akamgeukia mkewe. "Mama Ulfat, miaka yote ile ya chuo, mwanao kasomea dagaa. Tena mchungu."

Mwamvua akaomba picha aione kwenye simu. Samaki alikuwa wa manjano, manjano iliyokolea kama binzari iliyosagwa leo, na karibu na jicho ana mistari miembamba ya buluu, kama mtu aliyetia wanja akazidisha. "Mzuri huyu kibinzari," alisema Mwamvua, na tangu hapo nyumba ile ikamwita hivyo. Jina lake la kitabuni Ulfat alilitaja mara moja, hakuna aliyelirudia, ulimi ulijikwaa.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mwezi ule Ulfat alipoitwa ahamie Mkokotoni. Kazi ni ile ile ya kibinzari, lakini sasa kwenye miamba ya kaskazini, kuzunguka kisiwa cha Tumbatu, mwaka mzima, na kukaa huko huko. Majibu yalitakiwa wiki ile ile.

"Hapana," alisema Mkadam.

"Baba, hujanisikiliza."

"Nshasikiliza. Hapa mjini unatoka asubuhi, adhuhuri umerudi, nimenyamaza. Lakini uhamie Mkokotoni, kutwa uzame kwenye maji ya Tumbatu, mwaka mzima, kwa ajili ya dagaa? Sina radhi nalo."

Neno hilo likishatoka, nyumbani kwao halichezewi. Ulfat ni mtu mzima, kazi ni yake, miguu ni yake. Hakuna ambaye angemfunga kamba. Lakini kuondoka bila radhi ya baba ni kuondoka na jiwe tumboni, na mtu hazami baharini na jiwe tumboni akatarajia kuibuka salama. Alilia siku mbili chumbani, na wiki ilikuwa inakwenda.

Aliyelifungua fundo ni Mwamvua, wakati wa chakula, akikwangua sufuria kwa nguvu kuliko sufuria ilivyostahiki. "Weye unaogopa."

"Naogopa nini?"

"Maji. Unamkataza mtoto kitu usichokijua."

"Mie? Nisichokijua?" Mkadam akaacha tonge. "Hapa Unguja nani kashika matumbawe kunishinda mie? Samaki wenyewe hawajashika matumbawe kama mie!"

"Yaliyokufa," alisema Ulfat.

Alisema taratibu tu, bila ya ufidhuli. Lakini sufuria ilinyamaza.

"Baba, njoo ulione moja lililo hai. Mara moja. Ukitoka hapo ukasema hapana, siendi Mkokotoni, na sitalizungumza tena mpaka naingia kaburini."

Mdomo wa Mkadam ulikuwa umeshamfikisha pahala ambapo miguu ilikuwa haijafika. Angefanya nini? "Kesho," alisema, akachukua tonge lingine, na tonge lile, kwa ushahidi wa mkewe, halikushuka mpaka liliposukumwa kwa maji.

Nahodha wa boti waliyotumia ni Msabah, Mtumbatu, na Mtumbatu akimpata mtu wa mjini ndani ya boti yake hawezi kunyamaza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Fundi, weye umezaliwa Unguja au Tabora?"

"Endesha boti."

"Naendesha. Nauliza tu, kwa sababu umekamata ubao kama boti imesimama wima."

Walikuwa hawajaondoka hata pale ufukweni. Mkadam alikuwa amevalishwa jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa, likafungwa mikanda mpaka akafanana na gunia la karafuu linalosubiri meli. Chini ya jaketi, kiunoni, ndani ya kikoi, kulikuwa na kitu kimetuna. Ulfat akakiona.

"Baba, hiyo nini?"

"Nyundo."

"Nyundo ya nini baharini?"

"Sasa ntajuaje jiwe ni zima sijaligonga?"

Msabah alicheka mpaka akakaa. Ulfat hakucheka. Alinyoosha mkono kama askari wa barabarani. "Nipe, baba. Hili ukiligonga linakufa."

Mkadam aliitoa nyundo akampa, na kuanzia hapo mkono wake wa kulia haukujua ukae wapi. Mara kwenye goti, mara kifuani, mara unashika mkono wa kushoto.

Walikwenda kwenye fungu la mchanga upande wa kisiwa cha Bawe. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa sana, na pale Msabah alipotia nanga mtu angeweza kusimama. Mkadam aliposhuka maji yalimfika kifuani. Kifuani, si zaidi. Tuwe wakweli, mwenyewe anasikiliza. Chini ya nyayo mchanga ulikuwa laini, na mbele yake, hatua chache tu, maji yalibadilika rangi yakawa ya kahawia na zambarau, kama zulia lililotandikwa chini ya kioo.

Ulfat alimvalisha miwani ya maji, akamwekea mrija mdomoni, akamshika mkono. "Pumua kwa mdomo. Inama tu, kama unaingiza kichwa dirishani."

Alivyoinama mara ya kwanza alitoka haraka, macho yamemtoka. "Ulfat! Huko chini nini kinakaangwa?"

Alikuwa ametarajia kimya. Kila mtu asiyezama hudhani chini ya maji kuna kimya. Badala yake masikio yake yalijazwa mlio kama vitunguu vilivyomiminwa kwenye mafuta ya moto, mbele, nyuma, mbali, karibu, bila kukatika.

"Ni kamba wadogo wadogo, baba, wamejificha kwenye mawe. Wanapiga makucha yao."

"Jiwe linalia," alisema Mkadam, "na hakuna aliyeligonga." Akaingiza kichwa tena, na safari hii hakukitoa.

Lililokuwa mbele yake lilifanana na sinia kubwa lililosimamishwa juu ya mguu mmoja, na juu ya sinia vimeota vidole, mamia ya vidole, vimesongamana, kila kimoja kina nchaye nyeupe. Mkadam alilijua. Jiwe la namna hii alikwishalitoa katika kuta, likiwa la kijivu, limejaa udongo kwenye matundu. Alikwishalisaga. Alikwishalitupa kwenye karai. Lakini lile lilikuwa la kijivu kama mfupa, na hili lilikuwa na rangi ya asali na lilikuwa, hakuna neno jingine, limenona. Lilikuwa na ngozi. Mwanga wa jua ulipita juu yake ukicheza, na ilikuwa kama kitu kinachopumua kikiwa usingizini.

Akatoa kichwa. "Hizo ncha nyeupe za nini?"

"Ndiyo sehemu mpya. Hapo ndipo linapojijenga."

"Nani analijenga?"

"Lenyewe. Wanyama wadogo sana, kila tundu lina mmoja wake. Chokaa wanaitoa kwenye maji."

Mkadam alimtazama binti yake muda mrefu. Yeye chokaa huichoma tanuuni, huizima kwa maji, huiacha shimoni mpaka ikomae, na bado mara nyingine inamsaliti. Hapa kulikuwa na mtu anaitoa kwenye maji matupu, bila moto, bila shimo, bila jukwaa, bila timazi, na hakuna anayempigia makofi. Alirudi chini.

Na hapo ndipo kibinzari alipotoka.

Kusema alitoka ni kumpa sifa. Alisogea kutoka nyuma ya kidole kimoja cha tumbawe mpaka mbele ya kingine, akajibandika hapo, akatulia. Manjano yake ilikuwa kali kiasi kwamba Mkadam aliihisi kwenye meno. Hakuogelea kama samaki. Alirukaruka kutoka tawi hadi tawi, kama mtu anayepita kwenye korido ya nyumba yake akizima taa. Mistari ile ya buluu ilikuwepo, na jicho lilikuwepo, na jicho lile liligeuka taratibu likamtazama Mkadam kuanzia miwani mpaka jaketi. Nyuma yake, ndani zaidi, jicho la pili likang'aa: mkewe.

Kati ya tawi na tawi kulikuwa na nafasi. Mkadam aliipima kwa macho, kazi ya macho yake tangu ujana. Nafasi ilikuwa sawa na upana wa samaki, na kidogo cha kugeukia. Si zaidi. Samaki huyu angekuwa mnene kidogo tu asingeingia. Jiwe lingekuwa na vidole vilivyokaa mbalimbali, samaki mkubwa angemfuata humo humo akammeza. Chumba kilikuwa kimempima mwenyewe. Au mwenyewe alikuwa amepimwa na chumba. Nywele za Mkadam zilisimama chini ya maji, jambo ambalo wasomi watasema haliwezekani kwa sababu nywele majini husimama zenyewe, lakini hizi zilisimama mara ya pili.

"Ulfat," alisema alipotoa kichwa, na sauti yake ilikuwa imepungua, kama mtu aliyeingia msikitini akakuta watu wanaswali. "Anatoka lini humo?"

"Hatoki."

"Jioni?"

"Hatoki, baba. Akishaingia ndiyo ameingia. Atakula humo, atataga humo, atakufa humo."

"Na kuingia aliingiaje?"

Ulfat akamweleza, maji yakiwachezea kifuani. Mayai hubandikwa kwenye tawi, dume akayalinda. Yakianguliwa, watoto ni wadogo kama chembe ya chumvi, hawana nguvu ya kushindana na mkondo, huchukuliwa mpaka bahari kuu. Wengi huliwa. Wachache hurudi. Huyo mmoja anayerudi, katika giza na mikondo na midomo yote ile, hulitafuta jiwe la namna moja, si jingine, na akilipata huingia. Kutoka hapo mpaka jiwe la pili la aina hiyo hiyo ni pale unapoweza kugusa kwa mkono. Kwake yeye ni safari ya kutoka hapa hadi Muskat.

"Na jiwe lile la pili?" Mkadam akaonyesha. Lilikuwa pacha wa la kwanza.

"Tazama."

Alitazama. Alilizunguka. Vidole vile vile, ncha nyeupe zile zile, vyumba vitupu. Kibinzari hata mmoja hakuwemo.

"Kwa nini?"

"Labda hakuna aliyefika. Labda alifika akaliwa mlangoni. Labda jiwe lina kasoro anayoiona yeye, sisi hatuioni. Ndiyo kazi yangu, baba. Bwejuu tulizunguka kwenye maji ya ndani ya mwamba wiki nzima, tukapata mwani, pweza na jua. Kibinzari, hakuna. Hapa wamo, hatua chache kule hawamo. Tangu Bahari ya Sham mpaka kusini Msumbiji, mpaka huko Japani, samaki huyu yupo. Bahari nzima hii ni yake. Lakini kila mmoja wao anajua jiwe moja tu."

Mkadam alikuwa bado analimeza neno hilo pale boti ya watalii ilipopita, inakimbilia kwingine, na mawimbi yake yakaja nyuma yake kama watoto waliotolewa shule.

La kwanza lilimnyanyua. La pili lilimsukuma mbele, unyayo ukakosa mchanga ukaingia kwenye kishimo, na maji yaliyokuwa kifuani yakawa mdomoni, puani, juu ya miwani. Mrija ulimtoka. Sasa mwashi akianguka, mkono wake hautafuti mtu, hutafuta jiwe. Umefanya hivyo kwenye majukwaa ya Malindi na ya Shangani, na kila mara jiwe limempokea. Mkono wa kulia wa Mkadam, ule uliokosa kazi tangu asubuhi, ukaruka wenyewe ukalifuata sinia.

Vidole vyake vilifika. Alihisi tumbawe kwenye ncha za vidole, kavu namna ya ajabu ndani ya maji, likikwaruza kama ulimi wa paka. Alikuwa amebakiza kufumba kiganja na kuuweka uzito wake.

Na kibinzari alikuwa pale pale, kati ya kidole chake cha shahada na cha kati. Hakukimbia. Samaki mwingine yeyote angekwisha kuwa njiani. Huyu alirudi nyuma kidogo tu, akajibana kwenye shina la tawi, kwa sababu nje ya matawi yale hakukuwa na pahala popote, katika bahari nzima iliyo yake, pa kukimbilia. Jicho lilimtazama Mkadam. Nyuma, jicho la pili.

Mkadam hajui kuogelea. Hilo lisisahauliwe. Maji yako puani, unyayo uko hewani, jiwe liko mkononi. Alikifungua kiganja.

Alikifungua chote, vidole vikakaa mbalimbali, akauvuta mkono nyuma, akajiachia kwa Mungu wake. Alikwisha anza kutamka shahada, akafika katikati, ndipo alipogundua kwamba hazami. Alikuwa amelala juu ya maji kama ubao, anatazama mbingu, jaketi la rangi ya chungwa limemkumbatia mpaka masikioni. Alikuwa amelivaa tangu ufukweni, na kwa hofu alikuwa amelisahau.

"Fundi!" Msabah aliita kutoka kwenye boti. "Maliza tu shahada, haina hasara!"

Ulfat alikuwa ameshamfikia, amemshika kwapani, analia na kucheka kwa pamoja. "Baba, umeumia? Baba, ungeshika tu! Ungeshika!"

"Kuna watu humo," alisema Mkadam, na kutema maji.

Ndani ya boti alijikunyata, taulo kichwani. Msabah alijaribu kumchokoza mara mbili, akaona hapati kitu, akageukia mashine yake. Walipokuwa wanaikaribia bandari, kuta za mji zikaonekana, nyeupe na kijivu, ghorofa kwa ghorofa, Mkadam akazitazama kana kwamba zimejengwa jana usiku bila yeye kuambiwa. Zote zile zilitoka majini. Kila jiwe alilolishika maisha yake yote liliwahi kuwa na ngozi, na ncha nyeupe, na mlio wa vitunguu kuzunguka, na pengine katika korido zake alikaa mtu wa manjano na mkewe. Mji mzima. Yeye alikuwa anatengeneza nyumba ambazo watu wake wa kwanza hakuwahi kuwajua.

"Ulfat."

"Naam, baba."

"Huko Tumbatu, hawa wako?"

"Hatujui."

"Wazee wa huko wanasemaje?"

"Sisi hata jina lake hatuna," Msabah akadakia. "Samaki haliwi, apewe jina la nini?"

"Katika vitabu vyenu?"

"Hamna, baba. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Kuna mwaka maji yalipata joto sana, matumbawe yakawa meupe, mengi yakafa. Jiwe likifa yeye ndiyo kwisha habari yake. Kama kule yako yaliyopona, na wao wamo, hatujui. Inabidi mtu ainame aangalie, jiwe kwa jiwe."

Mkadam akalikunja taulo, akalikunjua. "Yaani wapo au hawapo, wanamsubiri mtu."

"Ndiyo hivyo."

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliomba wapite Malindi, kwenye uchochoro ambapo ukuta mmoja mkongwe umepoteza lipu yake na mawe yako wazi. Alilitafuta jiwe fulani, la vidole, akalikuta. Watu walipita, wakamwamkia, hakuitika. Alipangusa vumbi, akaingiza kidole chake kwenye nafasi kati ya tawi na tawi, akakiacha humo. Nafasi ilikuwa ile ile. Ulfat alisimama nyuma yake na hakuthubutu kusema neno, kwa sababu alikuwa ameahidi: hapana ya baba ikitoka, hatalizungumza tena. Alikuwa anaingoja, mikono imemganda juu ya begi lenye nyundo.

"Nipe nyundo yangu," alisema baba yake.

Akampa. Mkadam aliinua nyundo mbele ya jiwe lile, akaishikilia hewani kidogo, kisha akaishusha bila kugonga, akaitia kiunoni.

Nyumbani Mwamvua alikuwa mlangoni, kijiko mkononi, uso wake ndio ulikuwa swali. Mkadam alikaa kwenye mkeka, bado ana chumvi kwenye nyusi. Akamwita Ulfat akae mbele yake.

"Ukifika huko," alisema, "usishike jiwe hujatazama nani yumo."

"Baba?"

"Ukiwakuta, unipigie simu siku hiyo hiyo. Na usipowakuta, unipigie vile vile, nataka kujua. Nenda, mwanangu. Nimekuwia radhi, duniani na akhera."

Ulfat alianguka miguuni pake. Mkadam akamwekea mkono kichwani, ule mkono wa kulia, umefunguliwa wote, vidole viko mbalimbali, mwepesi kana kwamba chini yake kuna kitu cha kuvunjika, akaanza kumsomea dua, na Mwamvua akaitikia amina na kijiko chake. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo mwashi yule aliyetukana kuta zote za Unguja alipolia. Hakulia kilio cha mtu mmoja. Alilia machozi ya kujaza karai la chokaa, yakatiririka mkekani, yakapita kizingiti, yakaingia mtaani, hata majirani wa Ng'ambo wakatoka na ndoo zao wakidhani bomba la maji limepa—

"Bomba gani, we Duni? Bomba gani? Rudi nyuma, ufute! Lilikuwa chozi moja, la jicho la kushoto, na hilo moja lilikuwa la chokaa!"